Barua za Malla, ao vile Leta ya Uswidi ilianika mapenzi ya watu

Kwetu Bukavu ukitaja Uswidi, watu wanaona wamisionari mara moja. Wazee wetu wenye walisoma kwa misioni wanajua nyimbo zao, wanakumbuka ba madmwazeli wenye nguo ndefu na Biblia kwapani, CEPAC yetu hii, kanisa la Pentekoste, ilitoka pale pale, walifika huku Kivu miaka ya 1920, hospitali ya Lemera na baadaye Panzi zote ziko kwa mstari ule. Sasa nikisema niko na hadithi ya mapenzi ya siri, ya dezyem biro (mpenzi wa inje ya ndoa), ya barua zenye zilishikwa njiani, na yote ilitoka inchi ile ile, kuko mwenye ataniambia niombe toba. Tulia kwanza, ndugu yangu. Ni mambo ya miaka ya 1700, zamani sana kabla wale ba madmwazeli hawajapanda meli.

Mwenye hadithi anaitwa Magdalena Rudenschöld. Watu wake walimwita Malla, na mimi pia nitamwita vile juu jina lile refu linachosha vidole. Alizaliwa tarehe 1 mwezi wa kwanza 1766, baba yake Carl Rudenschöld alikuwa count, mkubwa wa Leta, yaani wa serikali, mama yake alitoka kwa familia ya Bielke, moja kati ya familia za zamani kabisa za inchi ile. Donk ni mtoto wa watu. Msichana wa namna ile hakuwa na kazi ya kutafuta, kazi ilikuwa moja tu: kuingia ikulu, kuwa mmoja wa wasichana wa kumsindikiza bibi mkubwa fulani, kucheka vizuri, kucheza dansi vizuri, kungojea bwana. Malla aliingia mwaka wa 1784, akiwa na miaka 18, akawekwa kwa Sophia Albertina, dada ya mfalme, binti mfalme mwenye hakuolewa na mwenye mwaka 1787 alifanywa mkubwa wa nyumba ya watawa kule Quedlinburg Ujerumani, lakini nyumba ya Waprotestanti, mambo ya cheo na mapato zaidi kuliko ya kufunga na kuomba.

Mfalme wakati ule alikuwa Gustav III. Ule baba alipenda teatre kuliko kitu chochote, aliandika michezo yeye mwenyewe, akafungua opera mpya Stockholm mwaka 1782, akaanzisha Akademia ya Uswidi 1786, yenye leo inatoa Nobel ya vitabu. Na ikulu nzima iliongea Kifaransa! Waswidi kwa Waswidi, wanaandikiana Kifaransa, wanatukanana Kifaransa. Nilipoisoma ile nilicheka peke yangu, juu hapa kwetu tunajua vizuri mtu mwenye akikasirika anaacha Kiswahili anaruka kwa Kifaransa ili ujue amesoma.

Bon. Kwa ikulu ya namna ile, ndoa zilipangwa na wazazi ao na mfalme mwenyewe, ni mambo ya mali na majina, na mapenzi kila mtu alijitafutia pembeni. Dezyem biro haikuwa kashfa. Bwana alikuwa nayo, bibi alikuwa nayo, kila mtu alijua na kila mtu alinyamaza. Dawa ilikuwa kunyamaza. Shika ile, tutairudilia.

Mwanaume mwenye Malla alipenda anaitwa Gustaf Mauritz Armfelt. Mtoto wa Finland, juu Finland wakati ule ilikuwa sehemu ya Uswidi, alizaliwa 1757, askari, mrefu, mzuri, ulimi wa asali. Alikutana na mfalme mwaka 1780 kule Spa, upande wa Ubelgiji, kwa maji ya kutibu wakubwa, na toka pale mfalme hakuweza kukaa bila yeye. Cheo juu ya cheo. Alizaa mtoto mwanaume na mcheza dansi mmoja Mfaransa, mademwazeli L'Eclair, na mtoto wakamtungia jina kwa kuchanganya majina mawili ya wazazi, Clairfelt, kama vile sisi tunavyotungia watoto majina siku hizi. Kisha 1785 mfalme akamwoza Hedvig Ulrika De la Gardie, wa familia kubwa zaidi hata ya kina Malla. Alikuwa amekwisha kuoa ila macho yake hayakuoa. Na Malla naye akaingia mzima mzima, bila breki.

Mimi siko hapa kumtetea Armfelt. Wanaume wa namna ile tunawajua, anaingia kwa salo kila mwanamke anafikiria ni yeye tu ameangaliwa. Lakini kuko mwingine mwenye alimtaka Malla, na hapa njo shida yote inaanzia. Duke Carl, ndugu ya mfalme, mwenye alizaliwa 1748. Carl alikuwa na bibi, Hedvig Elisabeth Charlotte, mwanamke wa akili sana mwenye aliandika kitabu cha siku cha miaka na miaka kwa namna ya barua kwa rafiki yake Sophie von Fersen (leo mambo mengi ya ikulu ile tunayajua juu ya kalamu yake), na pembeni ya bibi Carl alikuwa na wengine, kati yao Charlotte Slottsberg mcheza dansi wa opera. Mtu wa kuzoea kukubaliwa. Akamwona Malla, akamtaka, akamfuata.

Malla akakataa.

Akakataa ndugu ya mfalme, na akakataa juu anapenda mume wa mtu mwingine mwenye cheo cha chini ya Carl. Ukiwa mwanaume mwenye kiburi, ile inakaa ndani kama mwiba. Carl alinyamaza juu kaka yake njo mfalme na Armfelt ni mtoto wa nyumba ya kaka yake. Miaka ikapita vile.

Kisha usiku wa tarehe 16 mwezi wa tatu 1792. Kuko bal ya kuvaa maski kwa opera, opera ile ile yenye mfalme alijenga, ilikuwa kwa kiwanja kimoja na nyumba kubwa yenye dada yake Sophia Albertina alikuwa anajengewa ng'ambo (leo nyumba ile njo minisiteri ya mambo ya inje ya Uswidi). Ndani ya watu waliofunika nyuso, afisa mmoja wa zamani anaitwa Jacob Johan Anckarström akamkaribia mfalme kwa mgongo akampiga bastola. Mfalme hakufa pale pale, aliumwa siku 13, akakata roho tarehe 29. Anckarström walimpiga viboko mbele ya watu, moja ya viwanja ilikuwa Riddarhustorget, mbele ya nyumba ya wakubwa wa inchi, kisha tarehe 27 mwezi wa nne wakamkata kichwa. Kumbuka kiwanja kile.

Mtoto wa mfalme, Gustav IV Adolf, alikuwa na miaka 13. Mtoto hawezi kuongoza, inahitaji mtu wa kushika inchi mpaka akomae, na mtu yule ni nani? Ni Carl. Mfalme akiwa kitandani alikuwa ametaka Armfelt naye awe kati ya watu wa kushika inchi, Carl akaliweka kando lile neno kama vile halikusemwa. Na Carl mwenyewe hakuwa mtu wa kazi nyingi, aliita rafiki yake Gustaf Adolf Reuterholm, mtu wa mambo ya siri, wa ma-franmason, wa roho na maono, na Reuterholm njo akawa mwenye inchi kwa kweli. Watu wa Gustav wote wakaanza kusukumwa. Armfelt akapewa ubalozi Napoli, kule Italia. Ukipewa ubalozi mbali na nyumbani wakati bwana wako amekufa, unajua ni nini: kwenda, usirudi.

Akaenda. Malla akabaki Stockholm, na kalamu.

Hapa lazima niseme ukweli wote, juu kuko watu wanapenda kuandika hadithi hii kama vile Malla alikuwa malaika mwenye alionewa bure. Hapana. Armfelt kule Napoli alianza kupanga njama ya kuangusha Carl na Reuterholm, na mpango wake ulikuwa kuomba Catherine II wa Urusi atie nguvu, atishe, ikibidi alete meli za vita, ili Stockholm ibadilike. Na Malla alijua. Alikuwa mkono wake pale mjini, alipokea barua, akazipitisha kwa watu, akamwelezea nani anasema nini. Sisi watu wa Kivu, mtu akituambia alitaka kuita jeshi la jirani lije kupanga mambo ya inchi yetu, hatuangalie kwanza kama alikuwa anapenda. Tunajua bei yake. Kwa hiyo kama wangemshitaki juu ya njama tu, wangemhukumu juu ya njama tu, mimi leo singekuwa na kitu cha kuandika.

Lakini angalia vile walifanya.

Barua zilikuwa zinapitia posta ya Hamburg, na watu wa Carl waliweka mikono pale. Walizifungua, walizisoma, wakazinakili, zingine zikaendelea na njia yake kama kawaida. Malla anaandika usiku, anafunga, anatuma, anangojea jibu, na hajui kwamba kabla Armfelt hajasoma "mpenzi wangu", ilishasomwa na karani wa Reuterholm mwenye ana wino kwa vidole. Na ndani ya zile barua siasa ilikuwa kidogo, kile kingine chote ni moyo: anamlilia, anamwonea wivu, anamuuliza mbona huandike. Na Carl alijikuta ndani, si kwa sifa. Wewe fikiria ule mwanaume mwenye alikataliwa, leo ana inchi nzima mkononi, anasoma vile mwanamke mwenye alimkataa anamwandikia yule mwenye alimkubali.

Italia pia walifanya kazi. Kulikuwa Francesco Piranesi, mtoto wa ule mchoraji mkubwa Piranesi, alikuwa mtu wa Uswidi kule Roma, akawa mpelelezi, akafuatilia Armfelt na makaratasi yake.

Tarehe 18 mwezi wa 12 mwaka 1793, usiku, wakamkamata Malla. Armfelt wao walitaka pia, wakaomba Napoli imtoe, lakini malkia wa kule, Maria Carolina, dada ya Marie Antoinette, hakukubali, Armfelt akapata njia akatoroka, akafika mpaka Urusi. Wanaume wawili wengine, Johan Fredrik Aminoff na Johan Albrecht Ehrenström, wakakamatwa Stockholm pamoja na Malla.

Niwaambie kitu kidogo cha kazi yangu. Niko na sekretaria piblik, fotokopi, enpresion, kujaza formilere za watu, kitu kama kile. Siku hizi kazi yenye inaongezeka ni kaptire za WhatsApp. Mtu anakuja na telefone, anasema nitolee hizi, ninapeleka kwa parke, ao kwa wazee wa familia, ao kwa pasta. Juzi mama mmoja alikuja, amevaa vizuri, kitambaa kimefungwa kama wa harusi, akanipa telefone ya bwana wake, sijui aliipata namna gani sikuuliza, akasema, "Dada, nitolee zote, hata zile zenye mioyo." Nikaanza kutoa. Karatasi inatoka moja moja, ina joto, na mioyo ile mekundu kwa enpriman yangu ya rangi moja inatoka myeusi. Mama anazipanga kwa tarehe. Hakulia. Katikati alisimamia moja, akaisoma, akaniambia, "Hii mimi hakuniandikia hata siku moja." Kisha akaniuliza karatasi ni ngapi ili alipe.

Nilikuwa nafikiria Malla saa ile, kweli, juu nilikuwa nimetoka kumsoma. Yule mama alikuwa na haki yake, ni bwana wake, ni nyumba yake. Lakini nikajiuliza Leta inatafuta nini kwa barua za namna ile?

Juu Leta ya Carl haikupeleka barua kwa tribinali tu. Iliziprinti. Mwaka 1794 barua za mapenzi za Malla zilitoka kwa karatasi za kuuza, kwa amri ya serikali, ili kila mtu asome. Si zile za njama peke yake. Za moyo. Hesabu yao ilikuwa rahisi: watu wakiona ni malaya wa Armfelt, hakuna mwenye ataangalia kama kesi yenyewe imesimama vizuri, na Armfelt naye ataonekana mtu wa kudanganya wanawake tu, si mtu wa siasa. Leo tungesema waliivujisha. Lakini tunaposema kuvujisha tunafikiria mtu anajificha, hapa aliyevujisha alikuwa na mhuri.

Na unakumbuka nilisema dawa ya ikulu ile ilikuwa kunyamaza? Kila mkubwa mwenye alisoma barua zile kwa sauti, akashangaa, akashika kifua, nyumbani alikuwa na yake. Carl mwenyewe! Bibi yake aliandika vitabu na vitabu vya mambo yale. Kosa la Malla halikuwa kupenda mume wa mtu, ikulu nzima ilikuwa inapenda waume wa watu. Wao walijua. Songi-songi za miaka kumi zilikuwa zimelala kimya, na zikaamshwa siku moja tu, siku yenye Carl alizihitaji.

Kesi ikaendelea 1794. Kwa mambo ya adhabu, kulikuwa hata na wazo la kumpiga viboko mbele ya watu, mtoto wa count, na watu wakachukizwa sana na wazo lile, likaachwa. Wakamhukumu kifo, kisha wakabadilisha: atasimama kwa nguzo ya aibu, kisha kifungo cha maisha kwa spinhus, yaani jela ya wanawake ya kusokota nyuzi, mahali pa kufungia wezi, wanawake wa barabarani na wale wenye hawana makao. Na wakamvua jina. Kwa hukumu yeye hakuwa tena Rudenschöld, alikuwa Magdalena Carlsdotter, jina la msichana yeyote wa kijiji mwenye baba anaitwa Carl.

Tarehe 23 mwezi wa tisa 1794. Kiwanja gani? Riddarhustorget. Kile kile cha Anckarström. Mbele yake nyumba ya wakubwa wa inchi, Riddarhuset, na ndani ya salo kubwa ya nyumba ile kuta zimejaa ngao za familia zote za cheo, kuanzia chini mpaka dari, na kati ya zile ngao kuko ya Rudenschöld. Mtoto wa ngao anasimamishwa inje, ngao iko ndani. Miaka 28. Watu walijaa, wenye walikuja kucheka na wenye walikuja kushangaa, juu mtu aliyeua mfalme alisimamishwa pale, na sasa ni mwanamke mwenye aliandika barua. Jina la Armfelt pia lilitundikwa pale, yeye akiwa mbali, walimhukumu kifo bila kuwa naye, wakatundika jina. Jina halina miguu ya kutetemeka. Malla yeye alisimama na mwili wake, na walipomshusha akazimia.

Kumbe hesabu ya Reuterholm ilianguka. Watu hawakucheka vile alitaka. Huruma ilienda kwa Malla, na hasira ikaenda kwa wale wenye walifanya vile. Wengi waliona wazi kwamba ile si sheria, ni mwanaume mwenye alikataliwa. Hata watu wenye hawakupenda Armfelt, hata wenye walisema njama ni njama, walisema hapana, ile ya kiwanja imezidi.

Sasa nataka tufuate kila mtu alienda wapi, juu pale njo mimi hukasirika.

Ehrenström alihukumiwa kifo pia. Wakampeleka mpaka mahali pa kukatwa kichwa, tarehe 8 mwezi wa kumi, akapanda, na juu pale njo wakamsomea kwamba amesamehewa kifo, atafungwa. Alifungwa kidogo, baadaye akatoka, akaenda Finland yenye ilikuwa imeingia mikononi ya Urusi toka 1809, na Helsinki ilikuwa imeungua 1808 na ilichaguliwa kuwa mji mkuu 1812, basi njo wakampa Ehrenström kazi ya kuongoza kuijenga upya, akaita mchoraji wa nyumba Carl Ludvig Engel, na ile Helsinki nyeupe ya katikati yenye watalii wanapiga picha leo ni kazi yao. Mtu wa jukwaa la kifo amejenga mji mkuu! Aminoff naye alikuwa na kifungo cha maisha, akaishia kuwa count kule kule Finland.

Armfelt? Catherine alimpeleka akae Kaluga, mji wa ndani ya Urusi, ilikuwa kama kufungwa lakini kufungwa kwa wakubwa, na hakuwa peke yake, kulikuwa binti mkubwa wa Kirusi, Menshikova, mwenye walikuwa wote toka Italia. Malla anasokota nyuzi, yeye yuko na Menshikova. Mwaka 1799 mfalme mpya akamrudishia heshima yake yote, akapewa tena ubalozi, Vienna. Katikati ya yale akakaa kwa Dorothea, duchess wa Courland, akawa mpenzi wake, kisha akawa mpenzi wa binti ya Dorothea, Wilhelmine, ndiyo mmesoma vizuri, mama kisha binti, na yule binti akamzalia mtoto wa kike mwaka 1801, mtoto akapelekwa kukomalia Finland mbali na mama yake. Baadaye Armfelt akahamia upande wa Urusi, akawa mshauri mkubwa wa Alexander I kwa mambo ya Finland, akafa 1814 na heshima zake zote. Hakuna kiwanja hata kimoja kilimwona.

Na bibi yake halali, Hedvig Ulrika, alimfuata. Alipitia naye Italia, Urusi, kila mahali, na Menshikova pale pale. Watu hawamwandikie sana, mimi nafikiria sana juu yake. Zile barua za Malla zilipoprintiwa, yeye pia alisomewa na inchi nzima, na hakuwa ameandika hata neno.

Carl njo mwenye anaumiza tumbo zaidi. 1796 mtoto wa mfalme alifikisha miaka 18, akashika inchi yake, akafukuza Reuterholm kabisa mjini, Reuterholm akahangaika Ulaya mpaka akafa 1813 mbali na kwao. Lakini Gustav IV Adolf naye alipoteza Finland kwa vita, ba afisa wakamwangusha mwezi wa tatu 1809, na nani wakamweka kwa kiti? Carl, sasa mzee, anaitwa Carl XIII. Hakuwa na mtoto wa kurithi, ikabidi watafute mtu, wakachukua jenerali wa Napoleon, Mfaransa, Jean Bernadotte, wakamfanya mtoto wa Carl kwa karatasi mwaka 1810, na familia ile njo iko kwa kiti cha Uswidi mpaka leo.

Malla walimtoa jela 1796, saa ile ile mfalme kijana alipoingia. Miaka miwili karibu kwa nyuzi. Hawakumrudisha ikulu. Walimpa mahali pa kukaa kwa kisiwa cha Gotland, katikati ya bahari ya Baltiki, ni kama kumwambia umesamehewa lakini kaa mbali tusikuone. Alikuwa na miaka 30, umri wenye ba shangazi zetu wanaanza kukushauri vibaya.

Kuko watu walisoma nilichoandika kwa statu yangu wiki iliyopita wakanitumia vokale, mmoja anasema "dada, lakini alikosea, mume wa mtu ni mume wa mtu." Sawa, sikatae. Nenda kamwambie Hedvig Ulrika, yeye njo mwenye haki ya kusema. Carl hakuwa mume wa Malla wala baba yake wala pasta wake. Mwingine aliniuliza kama siogope kuandika mambo ya namna hii na mimi ni mwanamke wa kanisa. Siogope. Kanisa langu lililetwa na Waswidi, na hadithi hii pia ilitoka kwao.

Reuterholm alikufa 1813. Armfelt 1814. Carl 1818, mwezi wa pili. Malla alibaki hai nyuma yao wote watatu, alikufa tarehe 5 mwezi wa tatu 1823, Stockholm, mji ule ule wenye walimsimamisha kiwanjani.

Kama umeme utatuhurumia, mara ijayo nitaandika juu ya Sophie von Fersen, ule rafiki wa kuandikiwa kitabu cha siku. Ndugu mwingine wa mfalme, Fredrik Adolf, alitaka kumuoa kabisa, na wakamwoza mtu mwingine. Na yake iliishia na barabara nzima ya Stockholm inamuua kaka ya Sophie mchana. Leteni maulizo kwa komenteri, wale wa kunitumia vokale za dakika nane tafadhali andikeni.